Jiwe Lililogeuzwa

Walimwita Bwana Ndoo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akivuka lango la shule bila ndoo. Ilikuwa ndoo ya bati, mpini wake umezungushiwa kitambaa usimkate kiganja, na ndani yake mlikuwa na vitu vilevile kila mara: machujio manne ya jikoni, sinia mbili nyeupe, kipimajoto kilicholala ndani ya soksi, na lenzi ya mkono iliyofungwa kamba ya kiatu. Hakuwa mwalimu. Barua yake ya ajira ilisema mtunza maabara, yaani mtu wa kuosha chupa, kufunga makabati na kuhakikisha watoto hawalambi kitu. Lakini walimu wa sayansi walikuja na kuondoka kama wageni wa hoteli, na yeye alibaki. Ndivyo ziara ya kijitoni ilivyokuwa yake, bila mtu yeyote kumkabidhi.

Nimeona watoto wa shule katika nchi kadhaa wakiteremshwa kwenye mabasi, wakioneshwa ziwa au msitu kutoka mbali, kisha wakirudishwa na njaa na kofia zilizopotea. Ziara ya Bwana Ndoo haikuwa na basi. Mara moja kila muhula darasa la sita lilitoka kwa miguu, likapita nyuma ya ukuta wa soko, likafuata kijia kando ya matuta ya mboga, mpaka kwenye kona ambapo kijito kinapita juu ya mawe na maji hayazidi goti la mtoto. Hapo aliwapanga wawili wawili, kwa zamu, mmoja na chujio, mwenzake na daftari.

Majina ya vitabuni hayakumfaa, kwa hiyo wadudu wa majini aliwabatiza mwenyewe. Kulikuwa na Mikia-mitatu, kidudu chembamba chenye nyuzi tatu nyuma, ambaye maji yakichafuka kidogo tu yeye hufa. Kulikuwa na Mjenzi, anayegundisha chembe za mchanga na kujifanyia kanzu. Na kulikuwa na Mwekundu, mnyoo wa tope, anayeishi pale wengine waliposhindwa. Wanafunzi wake waliokwisha kuwa baba na mama bado wanakumbuka somo lile: ukimwona Mikia-mitatu, maji ni mazima, ukimwona Mwekundu peke yake, usinawe hata uso.

Lakini kabla ya wadudu alifundisha jiwe. Aliliinua moja, akawaonesha uso wenye utelezi wa kijani, unaokaa juu kwa sababu unaishi kwa jua, na uso wa chini ulio mtupu na mweupe, ambako wadudu hujificha. Alisema ukiinua jiwe umeinua paa la nyumba ya mtu, na mtu mwenye adabu hurudisha paa lilivyokuwa. Uso wa kijani juu. Mtoto aliyerudisha jiwe kinyume alisimamishwa pembeni na kunyang'anywa chujio, hata akiwa mtoto wa mkuu wa shule.

Matokeo ya kila ziara watoto waliyaandika katika madaftari yao, na yeye jioni aliyanakili kwa mwandiko safi katika kitabu kikubwa chenye jalada gumu, muhula kwa muhula, kwa miaka ishirini na miwili. Kitabu kilikaa kwenye kabati la maabara, na ufunguo wa kabati ulikaa shingoni mwake.

Haya yote alinisimulia kwa vipande, kwa siku nne, akiwa amekaa juu ya ndoo ileile aliyoipindua, kwenye shamba la dada yake. Alisimulia kama mtu anayetoa miiba mguuni. Kila mmoja aliutazama kwanza, kisha akautupa.

Miaka sita kabla ya mambo kuharibika, karakana ya ngozi ilifunguliwa juu ya kijito, mwendo wa nusu saa kutoka kwenye kona. Ngozi zililoweshwa humo katika birika kubwa la dawa, na maji yakakimbizwa kwa bomba hadi kijitoni. Muhula wa kwanza Mikia-mitatu walipungua. Wa pili walipatikana wawili. Wa tatu watoto arobaini walichuja asubuhi nzima wakatoa tope na Mwekundu, na mmoja akauliza kama wameletwa kuosha miguu. Mkuu wa shule wa wakati ule alisikia. Alimwita akamwambia, kwa upole, kwamba siku ya masomo ni siku ya masomo, na kama huko hakuna cha kuonwa basi ziara itafutwa kwenye ratiba.

Muhula uliofuata Bwana Ndoo aliamka alfajiri, akapanda na ndoo yake hadi juu ya karakana, mahali maji yalipokuwa bado mazima, akakusanya Mikia-mitatu thelathini na Wajenzi kumi, akawafunika kwa majani mabichi na kuwateremsha. Aliwaweka chini ya mawe ya kwenye kona muda mfupi kabla watoto hawajafika. Watoto walifurahi sana. Yeye alijiambia kwamba ni sawa na mwalimu anayechora moyo ubaoni: moyo wenyewe haupo darasani, lakini mtoto anaujua. Usiku aliandika thelathini na kumi katika kitabu, kwa mwandiko safi.

Alifanya hivyo ziara kumi na nne.

Hakuwa mjinga. Aliyajua maji yale kwa sababu nyingine pia. Tangu afiwe na mkewe alikaa kwenye vyumba viwili katika uwanja wa dada yake, na dada yake ndiye mwenye yale matuta ya mboga kando ya kijito, hatua mia mbili chini ya kona. Mama huyu, mkubwa wake kwa miaka saba, alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuitia mbwa kutoka ng'ambo, na alimtania mdogo wake tangu utoto. Alimwita Profesa wa Konokono. Alisema wenzake wanaume hutoka kazini na mshahara na yeye hutoka na soksi zilizolowa. Lakini kwa miaka miwili utani ulikuwa umepungua. Mboga zilikuwa zinakauka kuanzia ncha, na miguu yake, inayosimama majini kila siku, ilitoka vidonda visivyofunga. Zahanati ilimpa mafuta, kisha mafuta mengine, kisha ikamwambia aache kukanyaga maji. Yeye akauliza mboga atazimwagilia kwa mate?

Akakusanya wenzake kumi na mmoja wenye matuta, wakapeleka malalamiko kwa kamati ya mazingira. Karakana ilikuwa imeomba kibali cha birika la pili. Wenye matuta waliomba kibali kikataliwe na la kwanza lirekebishwe. Kamati ikapanga kikao, na ikaomba kila upande ulete ushahidi.

Bwana Ndoo alizipata habari hizo kama ndugu yeyote, mezani, na hakuziunganisha na kitabu chake. Hilo ndilo jambo aliloshindwa kulieleza hata kwangu. Kitabu kilikuwa cha shule, alisema. Maji yalikuwa ya nyumbani.

Wiki mbili kabla ya kikao, mkuu mpya wa shule, mama makini mwenye kalamu tatu mfukoni, alimwita ofisini akiwa na uso wa furaha. Karani wa karakana alikuwa amekuja kuomba nakala ya kitabu cha kijito. Hakuna mahali pengine palipokuwa na hesabu za maji yale kwa miaka ishirini na miwili, na mkuu alikuwa amempa nakala, tena kwa fahari. Kazi ya watoto wetu itasomwa mbele ya kamati, alimwambia. Bwana Ndoo alishukuru, akatoka, akarudi maabara, akakaa kwenye kiti cha mbao kati ya chupa. Kengele ya mapumziko ililia, ikalia tena ya kurudi, naye hajainuka. Nakala ile aliyopewa karani ilisema kwamba chini ya karakana, mwaka hadi mwaka, Mikia-mitatu walikuwa thelathini.

Alimwambia dada yake siku ileile, kukiwa bado na jua, yeye akiwa ameinama kwenye tuta la mwisho. Alimwambia yote, tangu muhula wa kwanza wa ndoo. Dada hakuinuka. Aliendelea kung'oa magugu mpaka mwisho wa mstari, akageuka, akakaa juu ya ukingo na kuinyoosha miguu yake iliyofungwa vitambaa.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema, "ulikuwa unanipaka matope kwa mikono ya watoto."

Bwana Ndoo alisema ataenda kwenye kikao aseme ukweli.

"Sema. Nani atakusikiliza? Watasema nimekutuma. Wewe ni mdogo wangu, unakula kwangu, unalala kwangu. Ungekuwa mgeni ungenifaa zaidi."

Dada alisema kweli, na mdogo wake alijua. Uongo wake ulikuwa umeandikwa mara kumi na nne kwa wino, na ukweli wake ungekuwa maneno matupu ya mtu wa tumbo moja na mlalamikaji. Na nyuma ya hayo palikuwa na jambo jingine alilolisema kwa sauti ndogo. Miaka mitatu tu ilibaki astaafu. Hakuwa na mtoto, hakuwa na cheo, hakuwa na kitu duniani ambacho watu wangesema hiki alikifanya yule, isipokuwa ziara ile. Akisema, ziara itakufa na jina lake litazikwa nayo.

Ndipo alipokumbuka daftari la Miwani.

Miwani alikuwa msichana wa darasa la sita, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya kichwa isidondoke majini. Siku ya ziara ya muhula uliopita, Bwana Ndoo alichelewa. Alfajiri ile vidonda vya dada yake vilikuwa vimevimba, akampeleka zahanati kwanza na kumwacha kwenye foleni. Alipofika kwenye kona na ndoo yake, sauti za watoto zilikuwa tayari zinasikika nyuma ya ukuta wa soko. Aliwatupa wadudu chini ya mawe kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, akayarudisha mawe bila kuyatazama, akakimbilia kijiani kuwapokea. Miaka ishirini na miwili ya kufundisha uso wa kijani juu, na siku ile yeye mwenyewe aliyalaza mawe kifudifudi.

Wengine hawakuona. Miwani aliona. Jioni, akinakili, Bwana Ndoo alifika kwenye daftari lake akakuta, kwa penseli, chini ya tarehe: "Jiwe la tatu kutoka kwenye kona. Utelezi wa kijani uko chini. Kuna mtu aliligeuza kabla yetu. Mikia-mitatu 9. Watano hawachezi." Mwalimu wa sayansi alikuwa ameweka tiki nyekundu bila kusoma. Bwana Ndoo aliisoma mara mbili. Kisha akaandika tisa katika kitabu kikubwa, akaweka daftari pamoja na mengine, akafunga kabati.

Sasa alirudi kwa mkuu wa shule na kumweleza, akasema anaomba kuchukua daftari moja kabatini. Mama yule alimsikiliza akiwa ameshika mojawapo ya kalamu zake tatu, na rangi ilimtoka. Alimwambia kuwa kitabu hakikuwa chake peke yake, kilikuwa na jina la shule juu. Alimwambia wazazi watauliza ni nini kingine walichodanganywa. Alimwambia pia, na hapo sauti ililegea, kwamba kaka yake mwenyewe alisoma shule ile na hadi leo hainui jiwe bila kulirudisha. Bwana Ndoo alisubiri ruhusa au katazo.

"Ufunguo unao wewe, mzee," alisema mwishowe, akatoka kwenda kuangalia mistari ya watoto, wakati mistari ilikuwa bado haijapangwa.

Kikao kilifanyika asubuhi, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa kujilazimisha. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu, mama mkubwa asiyependa maneno marefu. Wenye matuta walikaa kushoto, dada mbele yao, miguu juu ya kibao. Karani wa karakana, kijana nadhifu, alisoma hesabu za watoto kwa sauti nzuri, mwaka baada ya mwaka, na kila aliposema thelathini alitua kidogo. Alimaliza kwa kusema kwamba mtu mzima anaweza kuwa na chuki, lakini mtoto mwenye chujio hana sababu ya kusema uongo.

Bwana Ndoo aliinua mkono, kama mwanafunzi. Alisema watoto hawakusema uongo, walihesabu walichokikuta. Mwongo ni aliyekiweka. Akaeleza ndoo, alfajiri, majani mabichi. Karani hakutaharuki. Alimuuliza tu huyu mama aliyekaa mbele ni nani kwake.

"Dada yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Karani akageukia kamati na kusema wazee wetu walituambia damu ni nzito kuliko maji, na leo tumeiona ikipimwa mbele ya macho yetu. Watu walicheka, hata upande wa kushoto. Dada hakucheka. Alikuwa amelitabiri.

Ndipo Bwana Ndoo alipotoa daftari kifuani, akalipeleka mezani, akalifungua penye ukurasa. Hakulieleza. Mwenyekiti alivaa miwani yake, akasoma, akasoma tena, akauliza maana yake ni nini, utelezi kuwa chini. Akaelezwa. Utelezi wa kijani hauoti gizani, na jiwe halijigeuzi. Aliuliza ni nani aliyemfundisha mtoto huyu kutazama jiwe namna hii.

"Mimi," alisema Bwana Ndoo.

Karani alianza kusema kwamba daftari la mtoto mmoja si kitu. Mwenyekiti alimwonesha tarehe, ambayo ilitangulia malalamiko kwa wiki tano, na tiki nyekundu pembeni. Alisema katika kazi yake ya ukunga alizoea kuamini kitu kilichoandikwa na mtu asiyejua kitatumika wapi. Kisha akafunga daftari, akauliza kijito kiko mbali kiasi gani, na kama kuna mtu mwenye machujio.

Yalikuwa ndani ya ndoo, na ndoo ilikuwa mlangoni.

Wakaenda wote, kamati na karani na wenye matuta, watu wazima waliokunja suruali na kupandisha gauni. Bwana Ndoo aliwapanga wawili wawili bila kufikiri. Juu ya karakana kila chujio lilitoka na Mikia-mitatu na Wajenzi. Kwenye kona walichuja saa nzima. Palikuwa na Mwekundu, na harufu ambayo, maji yakishatikiswa, haikuhitaji kamati kuitambua. Karani alivua viatu vyake vizuri na kuchuja kama wengine, na alipotoa tope tupu mara ya tatu aliliangalia muda mrefu, akalimwaga taratibu.

Kibali cha birika la pili kilikataliwa, na la kwanza likaamriwa lichimbiwe mashimo ya kutuliza maji kabla hayajatoka. Dada alipata alichokiomba. Siku ile hakumshukuru mdogo wake, na siku iliyofuata pia hakumshukuru. Kwa wiki tatu aliweka chakula chake mezani na kuondoka. Barua ya shule ilikuja mwisho wa mwezi: ziara zimesimamishwa, na mtunza maabara amestaafishwa mapema. Kitabu kikubwa kilipigwa mstari mwekundu kuanzia ukurasa wa ziara ya kwanza ya ndoo, kurasa kumi na nne, na mkuu aliweka sahihi kwenye kila mmoja. Bwana Ndoo aliomba afanye mistari hiyo mwenyewe. Alikataliwa.

Nilifika mahali hapo mihula miwili baadaye. Ziara zilikuwa zimerudishwa wiki ileile, chini ya mwalimu mpya wa sayansi, kijana mwenye machujio mapya ya plastiki. Bwana Ndoo hakualikwa wala hakukatazwa. Siku yenyewe tulikaa kwenye shamba, yeye juu ya ndoo, mimi juu ya gunia, na kupitia mabua tuliwaona watoto wakishuka kwenye kona. Mwalimu aliinua jiwe na kusema kitu kuhusu paa la nyumba. Bwana Ndoo alitazama chini.

Watoto walichuja. Sinia zilibaki nyeupe. Mashimo ya karakana yalikuwa yamechimbwa miezi minne tu kabla, na kijito hakina haraka. Mtoto mmoja alilalamika kwa sauti kwamba hakuna kitu, mwingine akauliza waandike nini sasa. Mwalimu alisita, akageuza uso kuelekea kwetu, na nadhani alijua nani alikuwa nyuma ya mabua. Bwana Ndoo hakusogea. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa ndoo pande zote mbili, kwa nguvu.

"Andikeni sifuri," alisema mwalimu. "Na tarehe."

Walipoondoka, akainuka. Alishuka hadi kwenye kona polepole, akatembea kando ya maji akiinama kwenye kila jiwe. Nilimfuata. Yote yalikuwa yamelazwa vizuri, uso wa kijani juu, isipokuwa moja dogo karibu na ukingo, ambalo mtoto alilirudisha kinyume kwa haraka. Alilichukua, akatazama upande wake wa chini, akapitisha kidole gumba juu yake.

Dada yake alikuwa ameinuka kwenye matuta, mkono kiunoni, miguu ndani ya viatu vya mpira alivyonunuliwa na wenzake.

"Profesa," aliita, "acha mawe ya watoto, njoo ule."

Lilikuwa jina ambalo hakulitumia tangu siku ile ya magugu. Bwana Ndoo alisimama na jiwe mkononi, maji yakimdondoka kwenye kiwiko. Kisha akachutama, akaligeuza, na kulirudisha mahali pake.